Boti ya mfereji, mtoto na baridi ya Uingereza: hewa kwanza, joto baadaye

Swali: Sisi ni familia ya watu watatu kutoka Tanga, tunaishi Northampton. Kodi ya nyumba imetuelemea. Mume wangu amepata boti ya chuma ya mifereji, urefu wa futi 57, anataka tuinunue na kuhamia marina, yaani bandari ndogo ya kuegesha boti, mwezi wa Novemba. Mimi nahofia baridi, hasa kwa binti yetu wa miaka minne. Yeye anasema marina ina umeme wa ampea 16, tutaweka hita, tutaziba kila tundu linaloingiza upepo, na umeme ukikatika tuna jiko letu dogo la mkaa. Disemba tunataka kwenda Tanga wiki nne. Je, tutaweza? Na boti tutaiachaje?

Jibu: Dada yangu, mimi ni fundi wa boti na mwenyewe naishi ndani ya boti, kwa hiyo sitakukatisha tamaa. Mtaweza. Familia nyingi zinapitisha majira ya baridi kwenye mifereji ya Uingereza kwa usalama na raha. Lakini katika mpango wa shemeji yangu kuna mambo mawili ambayo lazima yaondoke leo, kabla hata ya kuzungumza bei: kuziba matundu, na jiko la mkaa.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya boti hata siku moja. Lisiwashwe ndani, na likishawashwa nje lisiingizwe ndani hata kama moto umefifia na limebaki jivu jekundu tu. Mkaa unaowaka bila moshi ndio hatari zaidi, kwa sababu unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, isiyo na rangi na isiyowasha macho. Ikiingia mwilini hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Hata kwetu, sehemu za baridi za Tanzania na Kenya, tumesikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Sasa fikiria boti. Upana wa ndani haufiki mita mbili na dari unaligusa kwa mkono. Hewa yote iliyomo, tokea omo (mbele) hadi tezi (nyuma), haizidi sana ile ya sebule moja. Kinachochukua saa nyingi ndani ya nyumba, humo kinachukua muda mfupi sana.

Marufuku hiyo inahusu pia hita za mafuta ya taa na zile hita za magurudumu zenye mtungi wa gesi mgongoni, zisizo na dohani. Watu huzipenda kwa kuwa ni rahisi kununua. Zinatoa sumu ileile, na juu yake zinamwaga maji ndani ya boti, jambo nitakalolirudia hapa chini. Ving'ora vya kaboni monoksidi ni lazima kwa kanuni za ukaguzi wa usalama wa boti tangu Aprili 2019, nanyi msiridhike na kimoja. Kimoja kiwe sebuleni, mita moja hadi tatu kutoka kwenye jiko la chuma lenye dohani nitakalolieleza mbele, kingine karibu na mto wa kulalia, na kama mtoto analala peke yake, naye awe na chake. Kwenye kasha tafuta maandishi EN 50291-2, maana hivyo ndivyo vilivyotengenezwa kwa ajili ya boti na magari ya kulala. Bonyezeni kitufe cha majaribio kila wiki. Na wote mzijue dalili: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kama mafua yasiyo na homa, yanayopungua mkitoka nje. Mkizihisi, tokeni nje na mtoto kwanza, maswali baadaye.

Sasa matundu. Boti yoyote iliyojengwa vizuri ina matundu ya hewa ya kudumu, ya juu kwenye paa na ya chini kwenye milango. Usiku wa kwanza wa baridi kali mtahisi ubaridi wa tundu la mlangoni miguuni, na mkono utawasha kulijaza matambara. Msithubutu. Matundu yale yapo ili jiko lipate hewa ya kuwakia, ili nanyi mpate ya kuvuta, na ili mvuke upate pa kutokea. Upepo ukiwa mkali, wekeni pazia zito mbele ya mlango, mbali kidogo na tundu, hewa izunguke lakini isiwapige moja kwa moja.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wanaohamia botini mara ya kwanza hawaambiwi. Baridi yenyewe si adui mkubwa. Joto ni kitu cha kununua. Kinachowafukuza watu botini ifikapo Februari ni unyevu. Maji ya mfereji mwezi wa Januari huwa nyuzi nne au tano hivi, na ubavu wa boti yenu ni bamba la chuma lililozama humo. Pumzi zenu usiku kucha, chungu cha wali, maji ya kuoga, yote hupanda kuwa mvuke, na mvuke hukimbilia penye ubaridi: fremu za madirisha, ndani ya makabati, chini ya godoro. Kuta zinatoa jasho, jasho linageuka kuvu, na kuvu linaingia kwenye kifua cha mtoto. Gesi ya kupikia nayo ina maji yake: kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji hewani. Mzigo mmoja wa nguo zilizotoka kukamuliwa na mashine bado una lita mbili hivi. Ukizianika ndani, lita hizo mbili mtazikuta nyuma ya makabati.

Kwa hiyo nguo zikaushwe kwenye mashine za marina, na gharama hiyo muihesabu kuwa sehemu ya kodi. Pikeni na vifuniko, na dirisha la jikoni liwe wazi kidogo hata kama nje kuna theluji. Godoro lisilale juu ya ubao mtupu. Liwe juu ya chaga au mkeka maalumu wa kupitisha hewa, na kila asubuhi liinueni lisimame hata nusu saa. Mtoto asilale akigusa ubavu wa boti. Nunueni mashine ya kunyonya unyevu, lakini muulize muuzaji aina yake. Zile zenye kompresa kama ya friji hulegea chumba kikiwa baridi, ilhali zile zinazotumia dawa kavu ya kunyonya maji hufanya kazi hata kwenye ubaridi na hutoa vuguvugu kidogo. Kipimo kidogo cha unyevu ni cha bei ndogo, na kikae mahali mnapokiona. Kikisoma kati ya asilimia 50 na 60 mko salama. Kikikaa juu ya 70 siku nzima, tafuteni chanzo, msipake rangi juu ya kuvu.

Ndiyo maana nataka mkaitazame boti hiyo asubuhi ya baridi, siyo mchana wa jua. Inua godoro. Fungua kabati la chini kabisa kwenye kona na uingize kichwa, uvute harufu. Mwombe muuzaji akufungulie kile kifuniko kidogo cha sakafuni upande wa tezi, mpige tochi kwenye ngama, pale chini kabisa ambapo maji hujikusanya: pakavu ni habari njema, maji ni swali linalotaka jibu kabla ya fedha. Kisha uliza nyuma ya mbao za ukutani kuna nini. Povu lililopulizwa likashikana na chuma ndilo bora kwa baridi. Vibao vya plastiki nyeupe, ile ya kwenye makasha ya televisheni, vinaacha mianya ambamo mvuke hupita hadi kwenye chuma, na pia huharibu ganda la nyaya za umeme zinapogusana. Mbali na hayo, boti itolewe majini ikaguliwe na mkaguzi mliyemlipa ninyi. Boti za aina hii kwa kawaida hujengwa na bamba la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 juu, na kampuni nyingi za bima hazipendi chuma cha chini kilichokonda hadi chini ya milimita 4.

Turudi kwenye joto. Ampea 16 kwa volti 230 ni kama wati 3,700, basi. Hita ya wati 2,000 na birika la wati 2,000 vikiwaka pamoja, swichi ya kwenye gati itajikata, na mara nyingi hujikata usiku wa baridi kali ambapo kila boti inavuta. Isitoshe, baadhi ya marina zina gati ambazo hutoa ampea 10 au 6 tu, kwa hiyo msiamini neno la simu; nendeni mkasome maandishi kwenye kisanduku chenyewe. Hita ya umeme ni msaidizi mzuri. Msiifanye mhimili.

Mhimili ni jiko la chuma lenye dohani. Likiwa na makaa ya mawe yasiyotoa moshi linawaka mchana na usiku, na gunia la kilo 25 huchukua siku tatu hadi tano kwa kutegemea baridi na namna mnavyolilisha. Yale makaa ya mawe ya kawaida ya majumbani yalipigwa marufuku kuuzwa Uingereza, yaliyofungashwa kuanzia Mei 2021 na ya kumwaga kuanzia Mei 2023, kwa hiyo mtu akiwauzia ya bei poa kichochoroni, achaneni naye. Kuni ziwe kavu kweli, unyevu chini ya asilimia 20. Kuni mbichi hupika maji badala ya kupasha moto boti, na masizi yake ya lami huganda ndani ya dohani hadi njia ya moshi inakuwa nyembamba, na hapo moshi na sumu vinarudi ndani. Dohani isafishwe kabla ya Novemba na tena katikati ya msimu. Kamba inayoziba mlango wa jiko ikichakaa ibadilishwe wiki hiyohiyo, ni kazi ya nusu saa. Usiku punguzeni hewa ya jiko, msiifunge kabisa.

Jivu lisidharauliwe. Liwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, na ndoo ikae nje, juu ya chuma au jiwe. Kaa dogo likijificha ndani ya jivu huishi zaidi ya siku nzima, likiunguza ndoo ya plastiki na gati la mbao. Ndoo ya jivu ikilala ndani ya boti inakuwa jiko la mkaa jingine. Kwa ajili ya mtoto wenu, jiko lizungushiwe uzio wa chuma uliofungwa kwa skrubu. Ule wa kusimama wenyewe utaangukia jiko pamoja naye.

Boti nyingi zina pia hita ya dizeli inayosukuma maji ya moto kwenye mabomba. Ni starehe kubwa asubuhi, ila inataka betri zenye afya na fundi kila mwaka. Mitungi ya gesi iwe ya propani, ile myekundu. Butani huacha kugeuka gesi joto likifika karibu na sifuri, na mtajua hivyo mkitaka chai alfajiri, wakati propani hustahimili hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Paneli za sola msizitegemee: Disemba jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, tena liko chini angani na mara nyingi halionekani. Kama betri ni za lithiamu, zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Kuna jambo moja la umeme wa gati ambalo hula boti kimyakimya. Mkishachomeka waya, ethi yenu (waya wa usalama wa kwenda ardhini) inaunganisha chuma cha boti yenu na cha majirani wote, na mkondo mdogo unaopita majini unaanza kutafuna ubavu wa boti yenye ulinzi dhaifu. Ulizeni kama boti ina kifaa cha kukata mkondo huo kwenye ethi, na kama vile vipande vya chuma vya kutafunwa kwa niaba ya boti bado vipo. Kwenye maji baridi ya mfereji viwe vya magnesiamu. Vya zinki ni vya bahari, huku havisaidii.

Maji ya kunywa mtajaza tangi kutoka bomba la kwenye gati, na bomba hilo huganda. Tabia ya kujifunza ni kutazama utabiri: usiku wa barafu ukitangazwa, tangi lijae mchana ule, mpira wa maji umwagwe kabisa na uingizwe ndani, na madumu mawili ya lita 20 yawe yamejaa pembeni. Choo cha kaseti, chenye tangi dogo la kuchomoa, nacho kimwagwe kabla hakijajaa, maana pale pa kumwagia huganda vilevile. Mfereji wenyewe ukiganda juu, msiondoe boti. Barafu inapovunjwa hukwangua lami ya ubavuni pale maji yanapokutana na hewa, na mawimbi ya vipande vyake yanaweza kutoboa boti ya plastiki ya jirani.

Sasa binti yenu. Ninyi ni watu wa pwani, huenda hata babu zenu walikuwa na jahazi, na hilo linaweza kuwadanganya. Bahari ya Tanga ina joto. Mtu akianguka anapanda, anacheka. Maji ya chini ya nyuzi 15 yana tabia nyingine. Mtu akitumbukia, kifua hujikaza na anavuta pumzi kwa nguvu asipende, na pumzi ile ikimkuta chini ya maji ndiyo inayomzamisha, hata kama ni mwogeleaji hodari. RNLI, waokoaji wa baharini wa hapa, wanafundisha kulala chali na kuelea kwanza hadi pumzi itulie, kisha ndipo kuogelea au kuita. Mfundisheni mtoto hilo kwenye bwawa la kuogelea lenye maji ya moto. Na sheria ya boti yenu iwe kwamba jaketi la kuelea linavaliwa ndani, kabla mlango haujafunguliwa, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ili lisimvuke kichwani. Wakubwa nao wavae usiku. Gati lenye sakitu asubuhi lina utelezi usioonekana. Mwagieni mchanga, siyo chumvi, kwa sababu chumvi inakula chuma chenu. Mjue ngazi ya kutokea majini iko wapi, mkaitafute mchana na mtoto akiwa nanyi.

Kuhusu karatasi, nitakuwa mfupi ila msipuuze. Muulizeni meneja, na mpate kwa maandishi, kama nafasi mnayopewa ni ya makazi au ya burudani. Nafasi za burudani ni nyingi na rahisi, lakini mkataba wake kwa kawaida unakataza kuifanya makao yenu, na hakuna jambo baya kuliko kuambiwa uondoke Januari ukiwa na mtoto. Ya makazi ni adimu, subirini hiyo. Daktari wa familia hawezi kuwakataa kwa kukosa uthibitisho wa anwani, hiyo ni haki yenu Uingereza. Na kama boti iko mbali na marina, isogezeni kabla ya Novemba, kwa sababu kuanzia hapo hadi Machi Canal & River Trust, wanaosimamia mifereji mingi, hufunga malango ya maji, yale ya kupandishia na kushushia boti, hapa na pale kwa matengenezo. Kati ya mfereji mkuu na mji wenu peke yake kuna malango 17. Moja likifungwa, mmekwama. Kama mna hiari, mimi ningehamia Septemba, mkalizoea jiko wakati kosa bado halina gharama.

Safari ya Tanga: mkiondoka wiki nne Disemba, boti isiachwe na joto. Jiko lizimwe na kumwagwa jivu, na hita zinazojiendesha zisiachwe peke yake. Badala yake mnaondoa maji. Zima pampu, fungua mabomba yote hadi yaishe kutoa, mwaga tangi la maji ya moto kwa kifunguo chake cha chini, na usisahau bomba la kuogea, kwa kuwa lile la kuchanganya moto na baridi ndilo hupasuka kwanza. Kichwa chake kishushwe kilale chini ya bafu. Mabomba yaachwe wazi. Mwiteni fundi apime dawa ya kuzuia kuganda kwenye maji ya injini, na tangi la dizeli lijazwe ili lisitoe jasho ndani. Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe. Magodoro yasimame, makabati yawe wazi, matundu ya hewa yabaki kama yalivyo. Chaja ya betri iendelee kufanya kazi, maana pampu ya ngama inaitegemea, na kamba za omo na tezi ziwe mbilimbili. Someni pia sera ya bima, kwani nyingi hazilipi bomba lililopasuka kama hamkufuata masharti yake ya baridi. Jirani mmoja awe na ufunguo na namba yenu ya WhatsApp.

Mkirudi, funga mabomba yote kabla ya kuwasha pampu, kisha washa na usikilize. Pampu ikijaza na kunyamaza, mfumo ni mzima. Ikiendelea kunguruma, zima mara moja na ufuate mabomba kwa tochi kuanzia chumba cha injini, huko ndiko huganda kwanza.

Na lile jiko dogo la mkaa, lipelekeni Tanga kwenye safari hiyo hiyo.